Koti la Kanali wa Ng'ambo

Kambini walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuweza kuona suruali iliyofumuka pindo akanyamaza. "Wewe, hebu njoo hapa," alikuwa akisema, na askari mzima, bunduki begani, alisimama kama mtoto wa chekechea, akanyoosha mguu, akashonewa palepale uani huku wenzake wakimcheka. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Alipokufa kwa ajali, kabla hata vita havijaanza, wakubwa walimpa mjane pole ya maneno na kiti katika karakana ya ushonaji. Ile pole aliisahau. Kiti alikikalia miaka mingi.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati ambalo mchana lilichemsha watu vichwa. Cherehani za kukanyaga zilipangwa ukutani, meza ya kukatia ilikaa katikati, na kwenye kona ya mlango alisimama mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha sare. Huyo aliitwa Mzee Pasi. Mdomo wake uliunguza kuliko pasi yake ya mkaa, na hakuna mkubwa aliyepita mlangoni pale asiachiwe neno mgongoni.

Mama Pindo alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana alirefuka mpaka mama akachoka kumshushia suruali, na alipoingia jeshini wenzake hawakuumiza kichwa kumtafutia jina. Wakamwita Mlingoti. Alikuwa mpole, msahaulifu kidogo, mtu wa kucheka peke yake. Mama hakutaka aende vitani, lakini nani alimuuliza? Alichoweza ni kumshonea sare kwa mkono wake, akapitisha kila mshono mara mbili, kana kwamba uzi huzuia risasi.

Vita vile vilikuwa vya mto. Jeshi letu lilikuwa ukingo huu, jeshi la ng'ambo ukingo ule, na katikati maji ya rangi ya udongo. Brigedia aliyeongoza upande wetu na Kanali aliyeongoza upande wa pili walikuwa wamesoma chuo kimoja cha kijeshi ujanani, katika nchi ya mbali, wakilala chumba kimoja. Jambo hilo halikufichwa. Brigedia mwenyewe alilisimulia mezani, na kila alipolisimulia macho yake yalilainika.

Mwaka wa kwanza, naibu wa Kanali aliuawa upande wetu wa mto. Brigedia akaamuru mwili uoshwe, uvikwe, na uwekwe kwenye jeneza la mbao nzuri. Bendera ya adui haikuwapo kambini, kwa hiyo Mama Pindo alipewa vitambaa na picha ya kuigia, akaishona. Jeneza lilivushwa kwa mashua, gwaride likisimama wima ukingoni. Kanali naye alisimama ukingo wa pili, akapiga saluti mpaka mashua ilipofika, na kesho yake akamtumia Brigedia sanduku la sigara za bei mbaya. Magazeti ya pande zote mbili yalisifu. Yaliita uungwana wa kijeshi.

"Kumbe ukitaka kuzikwa vizuri na adui, pandishwa cheo kwanza," alisema Mzee Pasi, akatemea mate pasi yake kuipima moto.

Mlingoti alikuwa katika gwaride lile. Aliona yote.

Baadaye, msimu wa mvua ulipokwisha, watu walipigana siku nzima kugombea kivuko. Jioni risasi zilinyamaza zenyewe kwa sababu mikono ilichoka. Ndipo vilio viliposikika. Majeruhi wa pande zote mbili walikuwa wamelala kwenye matope, wengine upande usio wao, wakiomba maji. Walilia muda mrefu, na hakuna aliyetoa amri yoyote. Mlingoti akalaza bunduki chini, akavua shati, akalipunga juu ya kichwa, akatoka. Upande wa pili akatokea askari mmoja mfupi, mnene, naye akipunga shati lake. Wakakutana kwenye maji ya kiuno. Mfupi akajaribu kusema neno na neno likamgomea, maana alikuwa na kigugumizi, na Mlingoti, kwa woga au kwa wazimu, akaangua kicheko. Mfupi naye akacheka. Kisha wakaanza kubeba. Huyu alibeba wa kule akampa yule, yule alibeba wa huku akampa huyu, hadi matope yakabaki na wafu tu. Walipomaliza walivuta sigara moja kwa zamu, wakapeana mikono, kila mtu akarudi kwao.

Luteni mmoja aliwaangalia kwa darubini.

Mlingoti alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kosa la kushirikiana na adui, na mwenyekiti alikuwa Brigedia. Mama Pindo aliruhusiwa kukaa nyuma. Mwanawe alipoulizwa anajitetea vipi alisimama, kichwa karibu na dari, akasema bila ujeuri wowote, "Afande, nilidhani inaruhusiwa. Niliwaona nyinyi mkifanya."

Maofisa wawili walicheka. Brigedia hakucheka. Alisema askari wa kawaida hana mamlaka ya kusimamisha vita, hata kwa saa moja, na kwamba angestahili risasi, ila kwa kuwa kati ya waliobebwa walikuwamo watu wetu, atafungwa miaka saba na kazi ngumu. Akafunga faili.

Aliendelea na kazi. Watu walishangaa, wengine wakamsema vibaya, lakini angekwenda wapi? Gereza la kijeshi lilikuwa nyuma ya kambi hiyohiyo, na kwa kubaki aliweza kumwona mwanawe kwa mbali, katika msururu wa wafungwa waliokwenda kupasua mawe. Hakukuwa na shida ya kumtambua. Alizidi wenzake wote kwa kichwa kizima.

Kisha dunia ikageuka. Jeshi la tatu, la kaskazini, lilishuka na vifaru likaanza kuzisukuma nchi zote mbili kwa pamoja. Serikali ya ng'ambo ikaanguka, mpya ikaingia, na katika juma moja maadui wetu wakawa washirika wetu. Askari waliambiwa kwenye gwaride la asubuhi. Walioamka wakiwa na adui walikunywa chai wakiwa na ndugu.

Kanali wa ng'ambo alivuka mto na mabaki ya kikosi chake, amevaa gwanda lililochanika bega, mizigo yake yote imeungua njiani. Brigedia alimpokea kwa kumkumbatia mbele ya watu. Kungefanyika gwaride la muungano na chakula cha maofisa, kwa hiyo Brigedia akatuma ujumbe karakanani: mgeni wake hataketi mezani kama mkimbizi. Ashonewe sare kamili ya sherehe, kwa rangi za jeshi lake, na ashone fundi bora kuliko wote.

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Pindo.

"Sema unaumwa," Mzee Pasi alimnong'oneza. "Sema mkono umekufa ganzi."

"Mkono ni mzima."

"Basi msahaulie pini kwenye kola. Moja tu, nakuomba."

Mama Pindo alichukua futi, chaki na mkasi, akaenda nyumba ya wageni, na njiani wazo likamwingia, hakuweza kulitoa.

Kanali alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Alisimama mama alipoingia.

"Shikamoo, mama."

Ilimchukua muda. "Marahaba," alisema.

Alimpima mabega, kifua, mkono. Kanali alikuwa mtulivu chini ya futi, akigeuka kabla hajaambiwa, kama mtu aliyezoea kushonewa. Aliomba radhi kwa harufu ya gwanda lake. Alimuuliza kama macho hayamsumbui kwa kazi ile. Mama Pindo alimpima kiuno, akaandika, akapiga moyo konde.

"Mwanangu, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza, mama."

"Ile siku ya kivukoni. Majeruhi wenu walirudishwa na kijana mmoja wa huku, mrefu."

Kanali alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Namkumbuka. Nilimwona mwenyewe kwa darubini. Nina askari watatu wazima leo kwa sababu yake, mmoja ndiye dereva wangu."

"Ni mwanangu. Amefungwa kwa ajili hiyo. Yuko hapo nyuma, ukifungua dirisha hili utasikia nyundo."

Kanali hakufungua dirisha. Uso wake ulionyesha huzuni, na Mama Pindo alisema siku zote baadaye kwamba huzuni ile ilikuwa ya kweli. Haikuwa ya kuigiza.

"Pole sana, mama. Sikujua."

"Sasa umejua. Brigedia ni rafiki yako, na wewe ni mgeni wake, hakuna utakachomwomba akakunyima. Mwambie neno moja tu. Mwambie hao watatu wako hai."

Kanali alishusha mikono ambayo muda wote alikuwa ameinyoosha apimwe. "Unaniomba jambo gumu kuliko unavyodhani. Mimi nimepokewa hapa. Ofisa hawezi kuingia kwenye jeshi la mwenzake akaanza kukosoa hukumu zake. Ni kumvunjia heshima. Na kesho yeye ataingilia hukumu zangu, na muungano huu ni mchanga, hauwezi kubeba mambo hayo."

"Si kukosoa. Ni kuomba."

"Kwa mtu wa cheo changu ni kitu kilekile."

Nyundo zilisikika hata dirisha likiwa limefungwa. Mama Pindo aliinama kumpima mguu, na akiwa huko chini, bila kuinua uso, akauliza jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Na yule wako mfupi, aliyekuwa naye majini? Mlimfanya nini?"

Kanali angeweza kudanganya. Nadhani adabu yake ilimkataza.

"Tulimpiga risasi," alisema. "Asubuhi yake. Nilitoa amri mimi. Alikuwa askari mzuri, mama. Lakini ningemwacha, kesho yake nusu ya kikosi ingekuwa mtoni ikivuta sigara."

Mama Pindo alibaki amepiga magoti na futi mkononi. Kisha akamalizia kipimo cha mguu, kwa sababu bila kipimo hicho suruali haikatiki, akasema, "Kesho nitaleta koti la kujaribu," akatoka.

Koti lile alilishona kama ambavyo hajawahi kushona kitu. Alilitia bitana ya hariri, akatarizi utepe wa kola kwa sindano ya mkono, akafumua bega la kushoto na kulirudia kwa kuwa lilijikunja kidogo, mahali ambapo hakuna jicho la mtu lingeona. Mzee Pasi alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Unamshonea nani hivyo? Bwana harusi?"

"Nyamaza."

"Mtu kakwambia alivyoua, nawe unampa hariri!"

"Nimesema nyamaza!" Sauti yake ilisimamisha cherehani zote. Akasema polepole, "Huenda likimkaa vizuri atabadilisha mawazo."

Mzee Pasi alichukua suruali ya Kanali na kuinyoosha hadi mkunjo wake ungekata mkate.

Koti lilimkaa. Siku ya gwaride jua liliwaka, bendi ikapiga wimbo wa kule na wimbo wa huku, na Brigedia na Kanali wakatembea bega kwa bega mbele ya vikosi. Walifika katikati ya uwanja wakageukiana, wakapigiana saluti. Brigedia akamkabidhi Kanali upanga wake, Kanali akampa Brigedia bastola yake, mpini mbele. Kisha, jambo ambalo watu walilizungumzia sana, Kanali alitoa sigara, akaziwasha mbili, akampa mwenzake moja. Wakavuta wakitabasamu, wapiga picha wakikimbia huku na huku. Vikosi vilipiga makofi. Wafungwa hawakutolewa siku hiyo kwenda kwenye mawe, ili wageni wasiwaone.

Mama Pindo alingoja mlangoni pa bwalo la maofisa. Brigedia alipomwona alifurahi kweli. "Mama Pindo! Umeona koti lilivyotulia? Kanali amekusifu mbele ya wote."

"Ahsante, afande. Afande, mwanangu alifanya hiki mlichokifanya leo."

Furaha ilimtoka Brigedia usoni. Aliwaangalia maofisa waliomzunguka, miongoni mwao Kanali, ambaye alikuwa ameinamisha macho kwenye vifungo vyake.

"Mama, mimi nimemsalimu Kanali kwa niaba ya taifa," alisema, akijitahidi kuwa mwema. "Mwanao alisalimu kwa niaba ya nani?"

Jibu lilimjia Mama Pindo alipokuwa amekwisha fika nyumbani, ameketi kitandani anavua viatu: kwa niaba ya waliokuwa wanalia. Lakini hapo hakukuwa na wa kumwambia. Pale mlangoni alimgeukia Kanali tu, akamtazama, akingoja. Kanali alimwinamishia kichwa kidogo, kwa heshima zote, akaingia ndani kula.

Kesho yake Mama Pindo alihamishwa. Ilisemekana alikosa adabu mbele ya mgeni wa taifa. Alipelekwa kwenye banda la magunia, kushona mifuko ya kutia mchanga. Magunia hayana kola wala pindo la maana. Unapitisha mshono mmoja, unatupa pembeni, unachukua jingine. Vidole vyake vilichubuka vikapona vikachubuka tena. Mzee Pasi alikuwa akija saa za mapumziko na birika la chai, akimchekesha kwa kuwaiga wakubwa wanavyopeana sigara, na siku nyingine mama alicheka.

Vita vilikwisha. Wa kaskazini walirudi kwao, ukatangazwa msamaha kwa wafungwa wote wa kijeshi, na Mlingoti akatoka kabla ya miaka yake kutimia. Alitoka kama aliyesamehewa usaliti, si kama asiye na hatia, na tofauti hiyo aliionja kila mahali. Kiwanda cha matofali hakikumtaka, wala kampuni ya mabasi. Mwisho alipata kazi ya kupakua mizigo sokoni kwa siku. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo kwa mawe, na wale wasiomfahamu zamani hawakuelewa kwa nini aitwe Mlingoti. Mama naye aliacha jeshi, akaweka cherehani ya mkopo mlangoni pa chumba chao, akawa anashona sare za shule.

Siku za mwanzo kijana hakuzungumza sana. Aliporudiwa na maneno, yalimhusu mtu mmoja.

"Yule mfupi wangu," alikuwa akisema akila. "Unajua alinitajia kijiji chao? Alihangaika na hilo jina, mama, alihangaika mpaka nikamsaidia kulimalizia. Hili daraja wanalojenga mtoni likifunguliwa nitakwenda kumtafuta."

Mama alikuwa akisema, "Haya, kula kwanza." Aliyasema hayo muda mrefu. Lakini daraja lilijengwa, likafunguliwa, na asubuhi moja akamkuta mwanawe anafunga viatu, amebeba kifurushi cha sigara kama zawadi.

"Keti," alimwambia. "Huyo mtu hayupo. Walimpiga risasi kesho yake."

Mlingoti hakuketi. "Nani kakwambia?"

"Kanali wao. Ndiye aliyetoa amri."

"Ulimwonea wapi Kanali wao?"

"Nilikuwa nampima. Nilimshonea koti la sherehe."

"Kabla hajakwambia?"

Angeweza kusema ndiyo. "Baada," alisema. "Nilidhani atakuombea kwa Brigedia."

Mlingoti alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu wa njiani, unayemdhania ndugu kumbe siye. Kisha akaokota kifurushi chake, akaondoka, akavuka daraja.

Alirudi juma lililofuata, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alimtengea chakula na hakuthubutu kuuliza. Alipomaliza kula alisema mwenyewe.

"Nimemwona mama yake. Wana picha yake ukutani, amevaa sare. Waliambiwa alikufa akipigana kivukoni, shujaa. Kanali, sasa ni Jenerali, alikwenda mwenyewe kuwapa mkono wa pole. Wanamsifu sana. Wanasema mkubwa kama yule, kutembea kwa miguu mpaka kwa watu maskini!"

"Ukamwambia ukweli?"

"Aliniuliza kama nilimfahamu mwanawe. Nikasema tulionana mara moja. Akanikalisha kwenye kiti chake, akaniuliza kama alikuwa na woga." Mlingoti alisugua uso kwa viganja. "Nikamwambia alikuwa anacheka."

"Basi?"

"Basi. Zile sigara nikamwachia baba yake."

Mama Pindo alikusanya vyombo. Kwenye cherehani kulikuwa na sketi ya mtoto wa shule iliyotakiwa asubuhi, na mwanga ulikuwa ungali unatosha. Alikaa, akaweka mguu kwenye kanyagio, ila hakukanyaga. Mlingoti alisogeza kiti chake karibu na mlango. Wakakaa hivyo, kila mtu akitazama njia, na Mlingoti hakusema kama amemsamehe mama yake lile koti, wala mama hakuuliza.